Kupima Macho Makavu: Mpangilio Kabla ya Mashine

Ugonjwa wa macho makavu hutokea pale utando wa machozi unaofunika sehemu ya mbele ya jicho unapopoteza uthabiti wake. Machozi huwa machache, au hukauka upesi kuliko kawaida, au yote mawili kwa pamoja. Mgonjwa huhisi macho yakichoma na kukwaruza kama yameingia mchanga, huchoka kusoma mapema, na huona ukungu unaoondoka akipepesa macho na kurudi baada ya muda mfupi. Dalili nyingine huwashangaza wengi: machozi kutiririka. Jicho lililokauka hukereka, na ubongo huamuru tezi zimwage machozi mengi kwa ghafla. Machozi hayo ni mepesi, hayakai juu ya jicho, humwagika mashavuni na kuliacha jicho likiwa kavu vilevile. Ndiyo maana mtu anayelalamika kwamba macho yake yanalia kutwa nzima anaweza kuwa na macho makavu.

Katika eneo la viwanda la Malukhu, jijini Mbale, mazingira ya kuleta tatizo hili ni ya kila siku. Mbale, mji ulio chini ya safu za Mlima Elgon, ni soko kubwa la mahindi, mpunga na kahawa ya mashariki mwa Uganda, na kazi za kusaga, kukoboa na kupembua hurusha pumba na vumbi laini hewani. Waendesha bodaboda hupigwa na upepo usoni bila kioo. Mafundi wa kuchomelea vyuma hukaa karibu na joto na mwanga mkali, na wapishi huinamia moshi wa kuni na mkaa. Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua zinapokatika, barabara za udongo huongeza vumbi lake. Mambo haya hayamkaushi kila mtu macho, lakini huyachosha macho ambayo tayari yana udhaifu.

Ugumu ni kwamba dalili za macho makavu hufanana na za magonjwa mengine mengi. Mzio huwasha na kuleta wekundu. Vikope, yaani trakoma, hukwaruza. Maambukizi ya virusi hufanya vivyo hivyo: Machi 2024 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, na waliougua walieleza kuchomwa na kukwaruzwa machoni kama wanavyoeleza wenye macho makavu. Anayenunua dawa ya matone dukani kwa kubahatisha anaweza kupata nafuu ya siku mbili na madhara ya miaka mingi. Matone yenye steroidi yakitumiwa kiholela huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuharibu neva ya kuonea kabisa. Kwa hiyo vipimo ni vya lazima. Habari njema ni kwamba vile vya msingi ni vya bei nafuu. Kinachohitajika zaidi ni kuvifanya kwa mpangilio sahihi, kwa kuwa kipimo kimoja kikitangulizwa vibaya huharibu matokeo ya kinachofuata.

Machozi yana tabaka

Utando wa machozi ni mwembamba mno, unene wake ukiwa takriban maikromita 3. Sehemu yake kubwa ni maji yenye chumvi na protini, yanayotoka kwenye tezi za machozi. Ute unaotolewa na seli za utando mweupe wa jicho huyawezesha maji hayo kushikamana na konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Juu kabisa kuna mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke. Mafuta haya hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, zinazobeba jina la Heinrich Meibom, tabibu wa Kijerumani aliyezieleza mwaka 1666. Kila mtu anapopepesa, kope husambaza utando upya.

Kutokana na muundo huo, macho makavu yamegawanyika katika aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni upungufu wa maji: tezi za machozi hazitoi ya kutosha. Ya pili ni ukaukaji wa haraka, ambao mara nyingi husababishwa na tezi za Meibom zilizoziba. Wagonjwa wengi wana mchanganyiko wa zote mbili. Kazi ya vipimo ni kujibu maswali mawili: je, ugonjwa upo, na kama upo, ni wa aina gani?

Maswali kwanza

Upimaji huanza kwa mazungumzo. Mhudumu huuliza dalili zimeanza lini, ziko jicho moja au yote mawili, huzidi saa ngapi na kwa kazi gani, kuna muwasho au tongotongo, kinywa nacho hukauka, viungo vinauma, na ni dawa gani zinazotumika. Dawa za mzio na baadhi ya dawa za sonona hupunguza machozi. Kisukari, baridi yabisi, maambukizi ya VVU na kukoma kwa hedhi navyo vina uhusiano na ukavu wa macho. Jicho moja tu likiuma sana, likiwa jekundu na uoni ukishuka, mgonjwa hatakiwi kusubiri vipimo vya ukavu. Huenda ana kidonda cha konea au ugonjwa mwingine wa dharura, na apelekwe haraka kwa daktari bingwa wa macho.

Baada ya hapo dalili hupewa alama. Dodoso linalotumika sana duniani, linalojulikana kwa kifupi OSDI, lina maswali 12, kila moja likijibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 4. Jumla ya alama huzidishwa kwa 25, kisha hugawanywa kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Matokeo huwa kati ya 0 na 100: kuanzia 13 huhesabiwa kuwa si kawaida, na kuanzia 33 tatizo huhesabiwa kuwa kali.

Hapa kosa dogo la hesabu hupotosha. Baadhi ya maswali yanahusu kuendesha gari usiku, kutumia kompyuta au mashine ya kutolea pesa, na kukaa penye kiyoyozi. Mama anayepembua kahawa Mbale anaweza kuwa hafanyi hata moja kati ya hayo. Maswali hayo matatu huachwa, yasiandikwe sifuri. Akijibu maswali 9 na kupata jumla ya alama 12, hesabu ni 12 mara 25, ugawe kwa 9, yaani takriban 33: tatizo kali. Mhudumu akigawa kwa 12 atapata 25, na mgonjwa mwenye tatizo kali ataandikwa kuwa na tatizo la wastani. Dodoso fupi zaidi, la maswali matano, hukwepa mtego huu kwa kuuliza tu mara ngapi na kwa ukali gani macho husumbua, hukauka na kutoa machozi. Humo alama 6 na kuendelea huhitaji uchunguzi zaidi. Dodoso lolote litakalotumika, maswali yaulizwe kwa lugha ambayo mgonjwa anaitumia nyumbani, iwe Kigisu, Kiteso, Kisoga au Kiswahili.

Kuangalia kabla ya kugusa

Hatua ya pili hufanyika kwa macho ya mhudumu mwenyewe, kabla ya tone lolote. Mgonjwa huombwa awe hajatia matone kwa saa mbili hivi, na akalishwe mbali na feni na dirisha lenye upepo, kwani hewa inayovuma hukausha machozi wakati kipimo kinaendelea. Mhudumu huanza kwa kumtazama mgonjwa akizungumza: anapepesa mara ngapi, na je, kope hufunga jicho lote au huishia njiani? Kisha humwambia afumbe macho taratibu kama aliyelala. Mwanya ukibaki, sehemu ya chini ya konea hukaa wazi usiku kucha na kukauka.

Kipimo hiki kisichogharimu kitu kina historia katika eneo hili. Ukoma huweza kuua neva inayofunga kope, na pia neva inayoipa konea hisia. Mgonjwa hushindwa kufumba jicho na wakati huohuo hasikii likikauka. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Buluba, upande wa Busoga, ilihudumia wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi, na daktari wa Kipolandi Wanda Błeńska alifanya kazi huko kuanzia mwaka 1951. Ukoma umepungua sana, lakini somo limebaki: mwenye konea isiyo na hisia halalamiki, hivyo kutolalamika kwake si uthibitisho wa uzima. Hisia ya konea hupimwa kwa kuigusa kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, na lazima ifanyike kabla ya dawa ya ganzi kutiwa.

Kwa hadubini ya macho yenye mwanga mwembamba, mhudumu huangalia ukingo wa kope ya chini. Pale machozi yanapokusanyika huonekana mstari mdogo unaong'aa. Mstari huo ukiwa na kimo cha chini ya milimita 0.2, machozi huenda ni machache. Kope za juu hugeuzwa ili kuona makovu, na nywele za kope hukaguliwa kama kuna inayoelekea ndani.

Rangi na sekunde

Kipimo kinachofuata hutumia floresini, rangi iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na mwanakemia Adolf von Baeyer mwaka 1871. Zamani ilitumika kama maji ndani ya chupa, lakini chupa iliyofunguliwa ilikaribisha bakteria hatari kwa konea. Mwaka 1951 Samuel Kimura alipendekeza vipande vya karatasi vilivyokaushwa vikiwa na rangi hiyo, kila kimoja kikifungwa peke yake. Mpaka leo vipande hivyo ndivyo salama zaidi kwa kliniki, hasa penye joto na vumbi.

Ncha ya karatasi hulowanishwa kwa tone la maji safi ya chumvi, kisha hukung'utwa ili ziada idondoke. Maji yakizidi huchanganyika na machozi, na sekunde huongezeka kwa uongo. Karatasi hugusishwa kidogo tu ndani ya kope ya chini, upande wa nje. Mgonjwa hupepesa mara tatu, kisha huambiwa atazame mbele bila kupepesa. Chini ya mwanga wa buluu, jicho lote hung'aa kijani. Mhudumu huhesabu. Ghafla doa jeusi hujitokeza, au mstari mweusi, mahali ambapo utando umepasuka na kuiacha konea wazi. Sekunde zilizopita tangu kupepesa kwa mwisho huandikwa, kipimo hurudiwa mara tatu, na wastani huchukuliwa.

Mogens Norn wa Denmark ndiye aliyeeleza kipimo hiki mwaka 1969. Chini ya sekunde 10 huashiria utando usio thabiti. Wataalamu wa Asia hutumia mpaka mkali zaidi wa sekunde 5, ambao huwapunguzia wazima uwezekano wa kuitwa wagonjwa. Mahali utando unapoanzia kupasuka pawekwe kwenye kumbukumbu, kwani doa linalorudi palepale kila mara huweza kuonyesha kovu au kasoro ya uso wa konea.

Rangi hiyohiyo huendelea kusaidia kwa dakika chache. Hunata mahali seli za konea zimechubuka na huonyesha nukta za kijani. Zaidi ya nukta 5 kwenye konea huhesabiwa kuwa uharibifu. Mpangilio wa nukta nao husema jambo: zikijaa sehemu ya chini, huenda jicho halifungi vizuri au hukauka kwa kuachwa wazi, na michubuko mirefu ya kusimama huashiria nywele ya kope au chembe iliyojificha chini ya kope ya juu. Kwa utando mweupe wa jicho hutumika rangi nyingine, kijani cha lisamini, inayoonyesha seli zilizokufa au zilizopoteza kinga yake. Zaidi ya nukta 9 hapo si kawaida. Lisamini imechukua nafasi ya rozi bengali, rangi nyekundu aliyoitumia Henrik Sjögren wa Uswidi katika tasnifu yake ya mwaka 1933 iliyoeleza wanawake 19 wenye macho makavu. Rozi bengali ilifanya kazi, lakini iliwachoma wagonjwa vibaya.

Karatasi ya Schirmer

Wingi wa machozi hupimwa kwa njia iliyobuniwa na Otto Schirmer, daktari wa Kijerumani, mwaka 1903. Ni kipande cha karatasi ya kuchuja chenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35. Ncha yake hukunjwa na kuning'inizwa juu ya ukingo wa kope ya chini, theluthi ya upande wa nje, ili isiguse konea. Mgonjwa hufumba macho polepole, saa huanza kuhesabu, na baada ya dakika 5 karatasi hutolewa. Urefu uliolowa hupimwa kuanzia kwenye mkunjo.

Zaidi ya milimita 10 kwa kawaida huchukuliwa kuwa sawa. Milimita 5 au pungufu huashiria upungufu mkubwa wa maji, na ni mojawapo ya vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016 vya kutambua ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Kati ya 5 na 10 ni eneo la mashaka, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Bila ganzi, karatasi yenyewe huchokoza jicho, hivyo kinachopimwa ni machozi ya kawaida pamoja na ya kuchokozwa. Kwa ganzi, machozi ya kuchokozwa hupungua na namba hushuka. Anayeandika matokeo bila kusema kama ganzi ilitumika ameandika namba isiyofasirika. Mbadala wa karatasi hii ni uzi mwembamba uliotiwa fenoli nyekundu, unaokaa jichoni kwa sekunde 15 tu na kubadilika kutoka manjano kuwa mwekundu unapolowa.

Karatasi ya Schirmer huja baada ya rangi kwa sababu moja: hukwaruza. Ikitangulia, nukta zitakazoonekana baadaye zitakuwa zimeletwa na kipimo, na mtu mzima ataandikiwa ugonjwa. Ganzi nayo hufupisha muda wa utando kupasuka na huweza kuchubua konea, hivyo isitiwe kabla ya hesabu ya sekunde.

Mwisho hukaguliwa tezi za Meibom. Mhudumu hubonyeza kope ya chini kwa kidole au kijiti cha pamba na kuangalia kinachotoka. Mafuta mazima ni maangavu na hutiririka. Yakiwa na ukungu, au mazito kama dawa ya meno, au yasipotoka kabisa, tezi zimeziba. Kubonyeza huku humwaga mafuta ndani ya machozi na kubadilisha utando, ndiyo maana huachwa mwisho.

Yanayojificha nyuma ya ukavu

Mashariki mwa Uganda, kutambua macho makavu bila kutafuta chanzo ni kazi nusu. Busoga, ambako Jinja ipo, imekuwa kati ya maeneo ya Uganda yaliyoathiriwa na vikope, pamoja na Karamoja. Maambukizi ya utotoni yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope ya juu. Makovu hayo huua seli za ute, huziba njia za tezi, na huvuta nywele za kope ndani hadi zikwaruze konea kila jicho linapopepesa. Kwa mgonjwa wa namna hii matone hayatoshi. Nywele zinazokwaruza zinahitaji upasuaji mdogo wa kope, na ukavu hutibiwa sambamba.

Kwa watoto, chanzo cha kuogopwa zaidi ni ukosefu wa vitamini A. Mtoto huanza kwa kutoona vizuri giza linapoingia. Kisha utando mweupe hukauka na kupoteza mng'ao, na madoa yenye povu jeupe, aliyoyaeleza Pierre Bitot mwaka 1863, hutokea pembeni mwa konea. Baada ya hapo konea yenyewe huweza kuyeyuka kwa siku chache na mtoto akapofuka, na upungufu huohuo humweka katika hatari ya kufa kwa surua na kuhara. Hapa mhudumu hasubiri karatasi ya Schirmer. Mtoto wa mwaka mmoja au zaidi hupewa vitamini A ya vizio vya kimataifa (IU) 200,000 siku hiyohiyo, tena kesho yake, na tena baada ya wiki mbili. Wadogo hupewa kiasi pungufu. Kinga ipo: Uganda hutoa vitamini A kwa watoto wa chini ya miaka mitano Aprili na Oktoba, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimeenezwa katika wilaya kama Kamuli na Bukedea.

Nani apime, na wapi

Nchini Uganda mzigo mkubwa wa huduma ya macho hubebwa na maofisa tabibu wa macho, na chuo kinachowafundisha kiko Jinja. Hao ndio wanaotarajiwa kupatikana katika vituo vya afya vya daraja la nne na hospitali. Mgonjwa wa Malukhu ana idara ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbale, na akisafiri hadi Tororo kuna hospitali ya macho ya Benedictine. Katika nchi tajiri ziko mashine zinazopima ukolezi wa chumvi ndani ya machozi, ambapo miliosmoli 308 kwa lita na kuendelea ni dalili ya ugonjwa, na kamera zinazopiga picha za tezi ndani ya kope. Ni vifaa vizuri, lakini kukosekana kwake si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani bila jibu. Dodoso, hadubini, floresini, karatasi ya Schirmer na kidole kilichofundishwa vinatosha kwa wagonjwa walio wengi.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unasema ugonjwa huthibitishwa pale dalili zinapofikia alama zinazotakiwa na angalau kipimo kimoja cha uthabiti wa machozi, chumvi au uharibifu wa uso wa jicho kikaonyesha kasoro. Dalili peke yake hazitoshi, kwa kuwa mzio nao huzileta. Kipimo peke yake nacho hakitoshi, ingawa kasoro isiyo na dalili huhitaji kufuatiliwa na kupimwa hisia ya konea.

Aina ya ugonjwa ndiyo inayoelekeza tiba. Karatasi yenye milimita 4 na mafuta maangavu huonyesha upungufu wa maji: machozi ya bandia yatiwe mara kwa mara, na chanzo kitafutwe mwilini. Karatasi yenye milimita 16, sekunde 4 za kupasuka na mafuta mazito huelekeza kwenye kope: kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kukanda na kusafisha kingo za kope kila siku. Wagonjwa wa aina zote mbili wanahitaji miwani ya kukinga vumbi wanapokuwa kazini, na wasitie machoni mitishamba wala matone yasiyojulikana. Baada ya wiki kadhaa za tiba, vipimo vilevile hurudiwa kwa mpangilio uleule na katika chumba chenye hali ileile, ili namba mpya zilinganishwe kwa haki na za mwanzo na mhudumu aamue kama tiba iendelee, ibadilishwe, au mgonjwa apewe rufaa.